Kuuvika Upinde wa Sylus

Alhamisi saa nne asubuhi, mwalimu wa hesabu aliingia dukani kwangu Voi na kitu kirefu kilichofungwa kwa gunia, akaniamkia, kisha akaniuliza kama nina dakika tano. Sikuwa nazo. Nilikuwa na mashati thelathini ya wanaume wa kwaya, na kola za wanakwaya ni kazi ya kumtia mtu wazimu, maana hakuna shingo mbili zinazofanana. Lakini huyu alikuwa Sylus, mchumba wa Koki, binti wa kaka yangu, na Jumamosi alikuwa anakwenda kwetu Maungu na watu wake kujitambulisha. Nikaiachia cherehani.

Akafungua gunia. Ndani kulikuwa na upinde.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu watu wakisikia habari hii husema, "Kumbe Wakamba mko hivyo!" Wakamba hawako hivyo. Ni sisi tu, watu wa marehemu baba yangu, na huo ukaidi sijui aliutoa wapi. Kwetu, kijana akitaka binti, kabla mbuzi hata mmoja hajatajwa, anachonga upinde kwa mikono yake mwenyewe na kuuvuta mara tatu mbele ya wazee. Ukistahimili, mazungumzo yanaanza. Ukivunjika, anaambiwa arudi baada ya mavuno, akiwa na chakula cha shamba la kwao, ijulikane kama anaweza kulisha mtu. Mishale haihitajiki. Tunaishi mlangoni mwa mbuga ya wanyama, na baba alikuwa mkaidi lakini hakuwa mjinga.

Alipofariki nilidhani mambo hayo tumeyazika naye. Kumbe kaka yangu Munyoki alikuwa ameyarithi yote, pamoja na kofia na kikohozi. Munyoki ni mstaafu wa reli, ana simu ya bei kubwa kuliko yangu, kila asubuhi anatutumia maua na aya za Biblia kwenye kikundi cha familia. Lakini ukigusa habari ya upinde anageuka kuwa baba.

Na tatizo la sheria yenyewe ni Maungu. Anayeijua Maungu anajua kwamba malori ni mengi kuliko mvua. Mara ya mwisho kaka yangu kuvuna mahindi ya kujaza gunia, Koki alikuwa shule ya upili. Sasa ana miaka ishirini na saba na anauza dawa hapa mjini. Kwetu, kumwambia mtu arudi baada ya mavuno ni kumwambia aende zake.

"Anti, angalia hapa," Sylus alisema.

Mti ulikuwa mkone, ule wa kuchongea fimbo na pinde, umekatwa vizuri na kukaushwa miezi mitano darini, jikoni kwao Werugha, juu milimani. Kwa mtu wa kushika chaki alikuwa amejitahidi. Lakini karibu na mahali pa kushikia, upande wa nje, ule unaotazama mbele mtu akivuta, palikuwa na jicho la mti, na mwalimu wetu alikuwa amelichonga moja kwa moja badala ya kulizunguka. Nyuzi za mti zilikuwa zimekatika pale. Nilipitisha kidole nikazisikia, kama pindo lililoachwa bila kushonwa.

"Nimeona video za mafundi," alisema. "Wanasema mti ukikatika nyuzi hivi, unauvika. Unabandika ngozi ama kitambaa kigumu mgongoni, na gundi, kutoka juu mpaka chini. Inashikilia zile nyuzi zisifumuke. Sasa swali yangu ni moja tu. Kwenu inaruhusiwa?"

Akatazama rafu zangu za vitambaa.

Kabla sijajibu, simu ikalia. Alikuwa Koki. "Anti, amefika? Mwambie avike! Mimi sitaki kuskia story za mavuno. Hata mawingu yakifika Maungu yanaongeza mwendo."

Nikamwambia aende akahudumie wagonjwa, nikakata. Mtoto wa watu alikuwa ameniuliza swali moja tu, na likawa ndilo lile ambalo nimelikimbia maisha yangu yote.

Nikamvutia stuli. "Keti," nilimwambia. "Na haya nitakayokuambia, ukiyasikia kwa mtu mwingine nitajua ni wewe."

Mwaka wa tisini na mbili nilikuwa na miaka ishirini, na Kilonzo wa Rukanga alikuwa na ishirini na tatu na meno yote. Nilimpenda. Sina namna nyingine ya kulisema hilo. Alichonga upinde wake, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa mizuri kwa kila kitu isipokuwa uchongaji, ulikuwa na ufa unaoonekana kutoka barabarani. Akaniletea nimpe mawazo. Mimi, badala ya mawazo, nikautwaa. Nilikuwa na ngozi ya mbuzi. Nikailoweka, nikaibandika mgongoni mwa upinde, nikaikausha kivulini siku nne. Ulitoka umenyooka na kupendeza. Nami kwa kiburi cha ufundi, kwenye ncha mbili, pale ngozi inapokutana, nikapiga mshono wangu mdogo wa kupishana. Hakuna aliyenituma.

Siku yenyewe baba aliupokea, akaugeuza, akauona mshono. Ulikuwa kwenye mashati yake yote. Hakunitaja. Alinitazama mara moja tu, kisha akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Huu upinde umevaa nguo ya nini na jua hili? Hebu tuone kilicho ndani." Akatoa kisu, akaibandua ile ngozi, nayo ikatoka na kibanzi cha mti cha urefu wa shibiri. Kilonzo akavuta mara moja tu, ukakatika.

"Akaambiwa arudi baada ya mavuno," nilimwambia Sylus. "Mwaka ule hakuna aliyevuna. Uliofuata ndio usiseme. Hakurudi. Alioa baadaye, ana watoto wanne. Mimi sikuolewa, na usinitazame hivyo, nimeishi vizuri. Lakini upinde ule niliuvunja mimi. Ningeuacha kama ulivyokuwa, labda ungestahimili."

Sylus, kwa kuwa mwalimu wa hesabu hapumziki, akaanza kuhesabu kwa vidole. "Kwa hivyo nikiuvika, Mzee Munyoki ataufungua."

"Munyoki hufungua hata zawadi za harusi za watu wengine. Na ule msemo wa baba wa nguo na jua anao mpaka leo. Anausema akiona mtu na koti."

"Akiufungua utavunjika. Na nisipouvika?"

"Huenda ukavunjika wenyewe."

"Sasa huko kote ni hasara." Alicheka, lakini si sana. "Anti, wewe ndiye unawajua. Nitauacha hapa. Ukisema nivike, kesho nakuja nauvika na mkono yangu. Ukisema niache, naenda nao vile uko. Lakini chenye nitafanya, Mzee akiniuliza, nitamwambia."

"Na ukivunjika?"

"Nitarudi."

"Wote husema hivyo," nilimjibu, kwa ukali ambao hakuustahili.

Akaenda zake kufundisha. Mimi nikabaki na upinde umelala juu ya meza ya kukatia. Nilikata ukanda wa merikani, kitambaa kigumu cha pamba, upana wa vidole viwili, urefu wa upinde mzima. Nikaulaza mgongoni, ukakaa barabara. Nikauondoa. Nikaurudisha. Nilichukua gundi ya seremala nikaifungua, nikaifunga. Hivyo mpaka saa nane. Immaculate, kiongozi wa kwaya, aliingia kuulizia mashati, akanikuta nimeupima upinde kwa futi ya kushonea na nimeandika vipimo ukutani.

"Dada Syombua," alisema polepole, "hiyo nayo ni ya sauti ya nne?"

Nilimfukuza, na yeye ni mteja mzuri.

Watu hudhani ukiwa na umri wangu mambo yanakuwa mepesi. Uongo. Nikiuvika, mkono wangu tena. Na mkono wangu nilishauona unachoweza kuharibu. Nisipouvika na ukavunjika, itakuwa nilikuwa na kitambaa, nina gundi, nina siku nzima, nikakaa kitako kwa woga. Usiku sikulala vizuri. Ijumaa asubuhi Sylus alipokuja nilikuwa nimeshaufunga upinde ndani ya gunia lake.

"Usiuvike," nilimwambia.

Akaniamini. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Ule ukanda wa merikani niliutia kwenye mkoba wangu, sijui kwa nini.

Jumamosi watu wa Werugha walishuka na pikapu. Baadaye niliambiwa kwamba kwenye kizuizi cha barabarani askari aliwauliza gunia lina nini, na Sylus, asiyejua kudanganya hata kwa faida yake, akasema ni upinde wa kuombea mke. Askari akataka kuuona. Akapitisha kidole penye lile jicho la mti, akatikisa kichwa. "Hii itavunjika, mwalimu," alisema, akawaruhusu wapite. Kwa hiyo mpaka serikali ilikuwa inajua.

Kwetu hema lilikuwa limewekwa na viti vya plastiki vimepangwa. Munyoki alikaa katikati na kofia ya baba. Kulia kwake alikaa shahidi wa familia, mzee wa kanisa anayeuza magurudumu pale barabarani, mwenye tumbo linalopumzika juu ya magoti. Huyo ndiye Kilonzo. Ndiyo, yule yule. Maungu ni ndogo. Mkewe Mumbe alikuwa jikoni na akina mama wengine. Nguo zake nashona mimi, tunaelewana sana, najua kiuno chake kuliko anavyokijua mwenyewe. Mambo ya zamani hayatajwi. Kilonzo na mimi tumesalimiana kwa heshima miaka thelathini na kitu, na salamu zetu hazijawahi kuvuka habari za mvua.

Munyoki aliupokea upinde, akaugeuza. Alitafuta nguo, hakuiona. Alionekana kama mtu aliyekosa kitu alichokitamani sana.

"Uko uchi," alisema.

"Ndiyo, Mzee," Sylus alisema. "Kuna mahali nimekosea kuchonga, hapo. Nilifikiria kuuvika, nikaacha."

"Vuta."

Akavuta mara ya kwanza. Ukapinda, ukarudi. Koki, aliyekuwa amesimama mlangoni na kitenge kipya nilichomshonea, alinishika mkono. Sylus akavuta mara ya pili. Ukatoa mlio mdogo, kama mtu anayekohoa kanisani. Nilitaka kupiga kelele aache, mara mbili zinatosha, nani anahesabu? Lakini wote walikuwa wanahesabu. Akavuta mara ya tatu.

Ulikatika kwa kishindo. Nusu ya juu iliruka, ikaichukua kofia ya Munyoki kichwani, ikaenda nayo mpaka kwenye sufuria ya wali.

Hakuna aliyecheka. Ningetaka mtu acheke. Munyoki, kipara kinang'aa, alinyanyuka, akajisafisha koo kwa kile kikohozi cha kurithi, na kabla hajafungua mdomo nilijua maneno yote.

"Kijana arudi baada ya mavuno."

Koki akaanza kulia kwa sauti. Mimi nilisimama. "Munyoki, mavuno gani? Wewe shamba lako lina nini? Mara ya mwisho ulivuna lini? Unataka mtoto azeeke hapa akikungojea mahindi ya ndoto?"

"Syombua, kaa chini. Sheria si yangu."

"Si yako ndiyo! Mwenye nayo amekufa!"

"Nitarudi, Mzee," Sylus alisema, lakini alinitazama mimi aliposema hivyo. Nikaketi.

Ndipo alipoinuka nyanyake Sylus, Bi Loise, mama mfupi wa sweta ya sufu kwenye joto lile la Maungu. Tangu wafike hakuwa amesema zaidi ya marahaba na asante.

"Baba Koki, niulize kitu nielewe," alisema. "Hayo mavuno, ni ya nani?"

"Ya kijana, mama. Ya shamba la kwao. Alete chakula chao, tujue anaweza kulisha mtu."

"Si mavuno ya hapa?"

Munyoki alifikiri. "Hapana. Ya kwao."

"Eh. Na kwetu ni Werugha." Aligeukia dereva wa pikapu. "Tom, fungua."

Tom akafunua turubai. Ilijaa kabichi. Kabichi kubwa za milimani, zimepangwa kama matofali, na karoti, na nduma, na mkungu wa ndizi. Walikuwa wamezileta kama zawadi, zilikuwa zinangoja mwisho wa shughuli.

"Hizi tumevuna jana," Bi Loise alisema. "Na Jumanne tutavuna tena. Kwetu kuna mteremko wa juu na wa chini. Mmoja ukimaliza, mwingine umeshaanza. Shamba hilo Sylus analilima mwenyewe kila wikendi, muangalieni mikono. Kwa hivyo sisi tunaenda, halafu tunarudi. Wacha tufuate sheria."

Na akawainua watu wake wote. Wazee, wajomba, akina mama na leso zao, Sylus mbele, wakatoka nje ya lango mmoja mmoja. Lango likafungwa. Tulikaa tukitazama viti vitupu. Kisha tukasikia, "Hodi!"

Munyoki alikuwa amefungua mdomo kama mtu aliyesahau anachotafuta. Nilimjua kaka yangu. Alitaka sana kukubali, ila aliogopa kumwangusha baba. Akageukia upande wake wa kulia. "Kilonzo, wewe ni shahidi. Mzee ulimsikia kwa masikio yako. Sheria ilikuwa inasemaje?"

Nikayatazama magoti yangu. Sikuwa na ujasiri wa kutazama kwingine.

Kilonzo alikuwa anaziangalia zile kabichi. "Mzee alisema mavuno," alijibu mwishowe. "Hakusema ya nini. Hakusema ya lini." Akatazama upande wa barabara. "Na hakusema ni ngapi."

"Basi karibuni!" Munyoki akapiga kelele, akaenda kufungua lango kwa mikono yake mwenyewe, bila kofia. Akina mama wakapiga vigelegele, Koki akaacha kulia katikati ya kwikwi, na mtu fulani mwishowe akacheka, kisha wote.

Mazungumzo ya mbuzi yalipoanza, nilitoka nikaenda nyuma ya pikapu kuhesabu kabichi. Hazikuhitaji kuhesabiwa. Nilikuwa nimefikia kumi na saba niliposikia hatua nzito. Kilonzo alisimama upande wa pili, akashika kabichi moja, akaipima kwa mkono.

"Mwaka ule mama alipata mbaazi," alisema.

"Mbaazi?"

"Pale nyuma ya nyumba, Rukanga. Debe moja. Niliibeba begani kutoka nyumbani mpaka nikafika hapa barabarani, nikaiona hata nyumba yenu. Halafu nikafikiria baba yako, na watu wote wamekaa, na mimi nimesimama na debe moja. Niliona aibu. Nikarudi nayo."

Miaka yote hiyo nilikuwa nikiilaumu ngozi ya mbuzi. Nilijilaumu kwa kuuvika wake, na saa moja iliyopita nilikuwa nikijilaumu kwa kutouvika wa Sylus, na pinde zote mbili zilikatika, na hilo halikuwa limeamua chochote. Nilitaka kumtukana. Nilikuwa na matusi ya Kikamba na ya Kiswahili, yote yako tayari.

"Kilonzo," nilisema, "debe moja ni mavuno."

"Najua," alisema. "Nimejua leo."

Mumbe akamwita kutoka hemani, chakula kinapoa. Nilimpa kabichi mbili ampelekee, zile kubwa kuliko zote, nikamwambia amwambie gauni lake la Krismasi liko tayari Jumatano. Akaondoka nazo amezikumbatia. Nililia kidogo pale nyuma ya gari, si sana. Kisha nikafungua mkoba nikitafuta leso, nisiipate, nikatoa ule ukanda wa merikani nikajipangusa nao. Ulikuwa mgumu na unakwaruza, lakini ulikuwa mrefu vya kutosha.